Mganga Aliyevuliwa Viatu

Mganga wetu aliuawa na utani. Kiboko wa mawe alikuwa amemwangusha tu, na katika mchezo ule kuanguka si kufa. Kilichommaliza, kwa maelezo ya karani wa mahakama aliyekuwa amekaa upande wa pili wa meza akila karanga zangu, ni kwamba akiwa chini mtani wake alimvua viatu. Kazi yangu ni kusoma na kuandika habari katika redio hapa Mpanda, na nimeshaandika vifo vya kila namna. Hiki ndicho pekee ambacho marehemu alikuwepo, kwenye kiti cha plastiki, akiuliza kama bado anapumua.

Nieleze kwa mpangilio, maana wenzangu hawakuwahi kufanya hivyo.

Tulikuwa watu watano tuliokutana Jumamosi alasiri katika chumba cha nyuma cha duka la fotokopi, kati ya maboksi ya karatasi na mashine moja mbovu inayosubiri fundi tangu nilipoijua. Aliyetukusanya ni mwalimu wa jiografia wa sekondari. Binamu yake wa Dar es Salaam alikuwa amempa kitabu kinene cha Kiingereza, kimechorwa ngao na upanga juu ya jalada, pamoja na mfuko wa dadu zenye pande nyingi kuliko tulizozizoea. Kitabu kilikuwa na kanuni za mchezo wa kubuni. Kila mchezaji anamshika mtu mmoja wa hadithi na kusema anafanya nini. Mwongozaji anasimulia dunia yote iliyobaki: yeye ndiye adui, ndiye mlinzi wa geti, ndiye mvua. Jambo likiwa linaweza kufaulu au kushindwa, dadu inatupwa. Kila mtu ana pumzi zake kadhaa, akijeruhiwa zinapungua. Hatukuwa na sanamu za kuchezea kama zilizo kwenye picha za kitabu, kwa hiyo watu wetu walikuwa visoda vya chupa, kila kimoja kimepakwa rangi ya kucha ili tusichanganye.

Mwalimu ndiye aliyekuwa mwongozaji. Ni mtu mpole, na kwa muda mrefu niliuona upole wake kuwa sifa njema. Kitabu kilijaa majoka. Mmoja wetu, mfanyabiashara anayenunua mchele kijijini Mamba na kuuza hapa mjini, alisema yeye haogopi kitu ambacho hajawahi kukiona. Mwalimu akayaondoa majoka, akaweka kiboko. Hapo hakuna aliyelalamika. Aliyewahi kusimama ukingoni mwa mto pale Sitalike wakati wa kiangazi, akaona viboko walivyobanana kwenye tope kama magunia ghalani, hahitaji kuelezwa hofu ni nini.

Mfanyabiashara wa mchele alicheza mpiga mishale mwenye mkono mwepesi. Ni Msukuma, wazazi wake walihamia upande wa Mpimbwe na ng'ombe wao yeye akiwa mgongoni. Mimi nilicheza mwana mfalme aliyefukuzwa kwao, na wenzangu waliniita Mwandishi hata nilipokuwa nimevaa taji.

Karani wa mahakama alicheza askari mwenye nyundo. Tulimwita Mheshimiwa. Tulimwita hivyo kwa kejeli, naye akaipokea kama haki yake. Kazi ya mtu huyu ni kusimama mlangoni na kuita majina ya wenye kesi, kisha kuyaita tena kwa sauti kubwa zaidi kwa wale waliokwenda kunywa chai. Hajawahi kuamua kesi, hata ya kuku. Lakini anayeshinda karibu na jiko hunuka moshi, na yeye alikuwa amenuka sheria mpaka kwenye kola. Alisema "kwa mujibu wa" pale ambapo watu wengine wanasema "nadhani". Alikuwa wa kwanza kuomba akiazime kitabu akakisome nyumbani, na ilikuwa kosa kubwa kumwazima.

Wa tano alikuwa muuguzi. Alifanya kazi katika kituo kimoja huko milima ya Mwese na alishuka kwa pikipiki, safari ambayo masika humla mtu nusu ya siku na nguo alizovaa. Ni Mfipa, mwenye sauti nzito na mwendo wa haraka. Alimcheza mganga, mwanamke wa makamo mwenye mkoba wa dawa, na alikuwa amempa kiapo ambacho hakimo kitabuni: katika msafara wake hafi mtu. Tulikuwa safarini karibu miaka miwili kuelekea Mji wa Chumvi, tukipita kwa majambazi, tauni na mfalme kichaa, na kiapo hicho kilikuwa bado kinashika. Mara tatu au nne alikishikilia kwa ukucha. Nilimwona akitupa dadu huku amefumba macho.

Kisha akapata nafasi ya kwenda kusoma Mbeya. Alitwambia mwanzoni mwa mwezi. Mwisho wa mwezi anaondoka. Meza yetu ilikuwa na utaratibu wake kwa mambo kama haya. Mtu wa hadithi aliye hai anaweza kuachwa, mwingine akamshika kwa niaba, na mwenyewe akamchukua siku akirudi. Aliyekufa, kadi yake yenye nguvu zake na majeraha yake inachanwa mbele ya wote, na habari yake imekwisha.

"Kule kituoni nimewafunika shuka watu wengi mno," muuguzi alisema siku hiyo, akifuta rangi ya kucha iliyomwagika mezani. "Huyu nataka nimwache anapumua. Sitaki kingine."

Hakutaka kingine kweli. Naandika sentensi hiyo hapa kwa sababu watu waliokuwa mezani waliisahau ndani ya Jumamosi mbili.

Vita vilikuwa kwenye kivuko cha mwisho kabla ya mji. Kiboko wa mawe alilala majini, pua tu ikionekana. Mwana mfalme wangu alipendekeza tuzunguke. Mganga naye alisema tuzunguke. Askari wa Mheshimiwa hakuzunguka, kwa sababu kwenye kadi yake palikuwa na neno linalosema ni shujaa, na yeye humfuata aliyeandika kama ng'ombe afuatavyo kamba. Akaingia majini na nyundo. Baada ya dadu mbili alikuwa mdomoni mwa kiboko, amebakiwa na pumzi sifuri, na Mwalimu alikuwa ameshaanza kusimulia sauti ya mifupa.

Muuguzi akanyanyua mkono. Dawa ya mwisho ya mganga ni kumpa mwenzake pumzi zake mwenyewe. Akazitoa zote. Askari akachomoka mdomoni, akasimama mchangani akiwa mzima kama jogoo. Mganga akaanguka.

Mpaka hapo kitabu kilikuwa wazi. Aliyeishiwa pumzi huanguka. Vita vikiisha huinuka na pumzi moja, mradi mwenzake mmoja awe amekaa kando yake muda wote; mdomoni mwa kiboko hakuna pa kukaa. Mpiga mishale alikuwa ameishiwa mishale, kwa hiyo mfanyabiashara wa mchele akajitolea kukaa. Akasogeza kisoda chake cha kijani mpaka kikagusana na chekundu cha mganga.

"Haya, Mfipa, umelala?" akasema. "Kila siku unawachoma watu sindano, leo kiboko kakuchoma wewe. Pole. Pole kidogo lakini."

"Nilinde, acha mdomo, we mchunga ng'ombe."

"Mwalimu, iambie maiti inyamaze. Tangu lini maiti inajibu?"

"Sijafa!"

"Wote wanasema hivyohivyo. Mwalimu, namvua viatu. Viatu vya ngozi kabisa, vimemkaa Mfipa bure. Ndugu zake waje na jogoo ndiyo nivirudishe. Na huu mkoba wa dawa nauvaa mimi." Akasimama kabisa, akakizunguka kiti chake kwa mwendo wa haraka, mkono mmoja kiunoni, akaiga sauti nzito ya muuguzi: "Nani anafuata? Panga foleni! Mama, umekuja bila daftari, nikuandikie kwenye paji la uso?"

Muuguzi alicheka mpaka akalalia meza. Nilicheka na mimi. Mwalimu alicheka, akajifuta macho kwa kitambaa. Alikuwa ni muuguzi kabisa, mwendo na sauti. Aliyewahi kukaa msiba wa huku anajua tulichokuwa tunakiona. Mtani ndiye anayelala kaburini na kukataa kutoka, ndiye anayevaa nguo za marehemu na kumwigiza mbele ya wafiwa, ndiye anayeshika kitu cha marehemu mpaka apozwe kwa jogoo. Msiba usio na mtani ni msiba wa watu waliogombana. Mfanyabiashara wa mchele alimwona mwanamke wa Kifipa amelala chini, na akafanya kile ambacho mikono yake inajua kufanya.

Mtu mmoja hakucheka. Mheshimiwa alikuwa anafunua kurasa.

"Mwalimu, nina hoja," akasema.

Hoja ilikuwa nyuma kabisa ya kitabu, katika sehemu ya mali na mizigo ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuifungua. Ilisema kwamba mwenzako akichukua mali yako ukiwa umeanguka, bila idhini yako, ushirika kati yenu umekatika. Akaisoma mara mbili, pole pole, kama anaita majina. Kisha akaunganisha. Mpiga mishale amechukua viatu na mkoba. Ushirika umekatika. Kwa hiyo si mwenzake tena. Kwa hiyo hakuna mwenzake aliyekaa kando ya mganga muda wote. Kwa hiyo mganga hatainuka.

"Amekufa," akasema Mheshimiwa. Alisema kwa uso wa mtu aliyeokota kitu njiani akajua ni chake.

Kiingereza cha kanuni hiyo kilikuwa chepesi kuliko cha tangazo la dawa ya meno, na sote tulikielewa namna moja. Wala hakukuwa na ubishi kwamba viatu vilichukuliwa. Ubishi ulikuwa kama mtani anaweza kuiba msibani. Waliokiandika kitabu hawakulijibu swali hilo, kwa sababu hawakuwahi kukaa kwenye matanga wakamwona mtu anayeheshimika akikimbia na suruali ya marehemu. Ni pengo la kawaida. Mtu mzima analiziba kwa kutumia akili, anakunywa soda, anaendelea.

Mheshimiwa alimgeukia muuguzi. "Ulimpa idhini?"

"Nilikuwa nimeanguka."

"Jibu swali. Ulimpa au hukumpa?"

"Nilikuwa nacheka! Mtu anayeibiwa anacheka?"

"Nani alicheka, wewe au mganga? Wewe umecheka hapa Mpanda. Mganga alikuwa hana fahamu kivukoni. Hasikii utani, hacheki."

"We bwana," mfanyabiashara wa mchele akaingilia, "mtani anaomba idhini tangu lini? Ukiomba idhini unakuwa mgeni."

"Kwanza wewe si mtani wake."

"Nini?"

"Mtani wa Mfipa ni Mnyamwezi. Mimi ni Mnyamwezi, nimezaliwa Tabora, baba yangu alizikwa na Wafipa. Nyie Wasukuma mmejipachika."

"Msukuma na Mnyamwezi si ndugu? Mtani wa ndugu yangu ni mtani wangu."

"Onyesha panapoandikwa."

Hilo ndilo lililonifanya nimwangalie vizuri. Mtu mwenye babu na bibi, aliyezika na kuzikiwa, anataka aonyeshwe utani umeandikwa wapi. Alikuwa anajua. Kama angekuwa msibani angekuwa wa kwanza kudai jogoo. Lakini mtu huyo akishapewa kitabu, alichozaliwa nacho kinageuka tetesi.

"Basi sawa," muuguzi akasema. "Wewe ndiye mtani halali. Sema viatu umechukua wewe. Tumalize."

Mheshimiwa akajiegemeza nyuma. "Unanitaka nitoe ushahidi wa uongo?"

"Nakutaka ukumbuke nani kakutoa mdomoni mwa kiboko! Hizo pumzi unazojibia hapo ni zangu!"

"Nashukuru sana kwa pumzi. Lakini sheria haiangalii shukrani."

Alisema hivyo, na mkono wake ukarudi kwenye karanga zangu.

Tulimgeukia Mwalimu. Naye alifanya jambo nililokuja kulidharau kuliko ubishi wote wa karani, kwa sababu karani angalau alikuwa na msimamo. Mwalimu alitabasamu, akasema hoja zote ni nzuri. Akasema kila upande una mantiki yake. Akasema ampigie binamu yake wa Dar, mwenye kitabu, kwa sababu yeye ana uzoefu.

Akapiga. Simu ilikuwa kwenye spika. Alieleza kwa urefu kiboko, viatu, jogoo, Wafipa, Wanyamwezi. Tukasikia binamu anacheka mpaka anakohoa.

"Sasa binamu, mwongozaji si wewe? Soma mwanzo kabisa wa kitabu: mwongozaji akiamua, imeamuliwa. Kama ni utani, ni utani. Kama kafa, kafa. Kwani nyie mnachezaje huko? Ni kisoda!"

Mwalimu alikata simu, akaiweka mezani kifudifudi.

"Amesema suala ni zito," akatuambia.

Tulikuwa tumesikia kila neno. Hakuna aliyesema kitu, na hiyo ni aibu yetu sote. Mwalimu akatangaza kwamba Jumamosi ijayo kutakuwa na kamati.

Sijui ni ugonjwa gani tulio nao. Wape Watanzania watano shimo barabarani, wataunda kamati ya shimo, wachague katibu, na gari la sita litatumbukia wakati wanapitisha ajenda. Jumamosi iliyofuata nilikuta meza imefutwa, visoda vimesogezwa pembeni pale pale vilipokuwa, na Mheshimiwa ameandika ajenda kwa kalamu ya kijani: kufungua kikao, kuthibitisha ajenda, tafsiri ya kanuni ya mali ya aliyeanguka, mengineyo, kufunga kikao. Mwalimu alikuwa mwenyekiti. Mheshimiwa alijiteua katibu, akateuliwa.

Hoja yake ya kwanza ilikuwa kwamba muuguzi atoke nje. Ana maslahi. Mfanyabiashara wa mchele atoke pia, yeye ni mtuhumiwa. Mwalimu akaona ni haki kiutaratibu. Muuguzi alikuwa ametoka Mwese alfajiri, matope yamemfika magotini, na alikuwa anaondoka Jumatano. Alitutazama mmoja mmoja. Akatoka, akakaa kwenye benchi la barazani pamoja na mtu anayesemekana kumuua. Niliwaona kwa dirisha. Mtani wake alikuwa amemnunulia muwa, wanaumenya pamoja.

Kamati ikabaki na wajumbe wawili, Mheshimiwa na mimi. Niliongea kwanza. Nilisema dunia tunayoicheza ina kiboko kwa sababu sisi tuna kiboko. Kwa nini utani usiwemo? Nilisema kanuni ile inazuia usaliti, na hakuna aliyemsaliti mtu pale. Nilisema mpiga mishale hakuondoka kando ya mganga hata hatua moja, na kukaa ndiko kanuni inakotaka. Nilimaliza kwa dakika chache.

Mheshimiwa alizungumza mpaka jua likahama kutoka kwenye boksi moja la karatasi hadi jingine. Alisema tukiruhusu utani leo, kesho mtu ataiba farasi na kusema ni mtani wa farasi. Alisema mila ni nzuri lakini zina mipaka. Alitofautisha kuchukua na kushika, kushika na kuvaa, kuvaa na kumiliki. Alieleza kwamba viatu vilivuliwa wakati mganga bado hajafa, na utani wa msibani unamhusu aliyekufa. Kwa hiyo kama ni utani, basi mganga alikuwa ameshakufa, na kama hakuwa amekufa, basi ni wizi, na wizi ndio umemuua. Alipofika hapo alitutazama, mimi na Mwalimu, kama anayengojea makofi. Kusema kweli ilikuwa hoja iliyosukwa vizuri. Mtu anaweza pia kusuka vizuri kamba ya kumnyongea mwenzake.

Kura ikapigwa. Moja dhidi ya moja.

"Mwenyekiti ana kura ya uamuzi," nikasema.

Mwalimu alivua miwani. Akaisafisha. Akasema kwa kuwa jambo hili linagusa mila za watu, na kwa kuwa wajumbe wamegawanyika, asingependa kuharakisha. Busara ni kuahirisha ili kila mmoja akatafakari. Akatuuliza kama kuna mengineyo.

Muuguzi alikuwa ameshasimama mlangoni, mkononi ana kipande cha muwa.

"Imekuwaje?"

"Mchakato unaendelea, dada yangu," Mwalimu akasema.

"Mwalimu, Jumatano niko kwenye basi. Nataka neno moja. Hata kama ni amekufa, sema amekufa, nichane kadi yangu mwenyewe, niende. Ila sema."

"Usiwe na haraka. Haya mambo ya tafsiri..."

"Kituoni mtu akikata roho naangalia saa, nasema saa fulani amefariki. Ndugu zake wamesimama hapo. Siundi kamati. Nasema."

Mwalimu aliiangalia mashine mbovu ya fotokopi.

Mfanyabiashara wa mchele alipenya mlangoni nyuma yake. "Mimi nina wazo. Narudisha viatu. Bila jogoo, bila chochote. Mfipa, viatu vyako hivi, chukua, nuka navyo."

Ningemkumbatia. Muuguzi alianza kucheka tena, na kwa sekunde moja nilifikiri tumepona.

"Kurudisha mali," Mheshimiwa akasema bila kuinua kichwa, akiandika, "ni kukiri kwamba ilichukuliwa."

Muuguzi akaacha kucheka. Akanyoosha mkono kuchukua kadi ya mganga. Mheshimiwa akaifunika kwa kiganja. Ni kielelezo, akasema, haiwezi kutoka kabla ya uamuzi. Muuguzi akamtazama Mwalimu. Mwalimu akasema labda tufuate utaratibu. Kwa hiyo mwanamke aliyemtunza yule mganga kwa karibu miaka miwili, akamtupia dadu akiwa amefumba macho, aliondoka hana kadi, hana mganga, na hana maiti. Mfanyabiashara wa mchele alimpakia kwenye pikipiki yake mpaka kwa wenyeji wake. Aliporudi hakuingia ndani. Alisimama dirishani, akaninyooshea kidole, akasema, "Mwambie Mnyamwezi akifa yeye nitakuja msibani kwake nikae kimya."

Sijasikia tusi kubwa zaidi ya hilo tangu nizaliwe. Mheshimiwa alilisikia. Kalamu ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Tangu hapo hatujacheza. Tumekutana Jumamosi mbili tu, watu watatu. Ya kwanza Mheshimiwa alileta pendekezo kwamba meza iwe na katiba ili migogoro kama hii isitokee tena. Ya pili alileta rasimu. Ilikuwa na sehemu ya tafsiri ya maneno na hapakuwa na utani ndani yake. Nilipouliza kiboko yuko wapi kwa sasa, Mwalimu alisema vita vimesimama kwa muda. Nilimwambia kwamba kwa kitabu chenyewe, vita vikisimama havijaisha, na visipoisha hatujui kama mganga angeinuka au asingeinuka. Akasema hiyo ni hoja nzuri. Niliacha kwenda.

Kisha ukaja ujumbe. Muuguzi aliutuma kwenye kundi letu la simu, ambalo hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kulifunga. Ulikuwa wa sauti. Alisema huko Mbeya, katika chuo chake, amekuta watu wenye kitabu kilekile. Wana meza, wana nafasi, na wamempenda. Wanaruhusu mchezaji aje na mtu wake wa hadithi aliyemtoa kwingine, na nguvu zake zote, safari yake yote, hata kiapo chake. Wamemuuliza jambo moja tu: ni mzima? Yeye amewaambia hawezi kujibu, mwenye jibu ni mwongozaji wake wa Mpanda. Hakuongea kwa hasira. Nyuma yake zilisikika sahani, na mtu anamwita aje kula.

Mfanyabiashara wa mchele alijibu kabla sijamaliza kuusikiliza: mzima kabisa, viatu anavyo, waambie Msukuma kasema. Mheshimiwa akajibu kwamba jambo lililo mbele ya kamati halijadiliwi nje ya kamati, na kwamba kauli ya mtuhumiwa haina uzito. Mimi niliandika kwamba yu hai. Muuguzi alitushukuru wote wawili, akasema wenzake wanataka kusikia kutoka kwa mwongozaji, ndivyo kitabu kinavyosema, na yeye hataki kuwadanganya watu wapya.

Nilikutana na Mwalimu sokoni siku chache baadaye, anachagua nyanya. Nilimuuliza kama amesikiliza ule ujumbe.

"Nimeusikiliza," akasema. "Umenigusa sana."

"Utajibu nini?"

Akaigeuza nyanya, akaibonyeza, akairudisha kwenye fungu. "Nalifanyia kazi," akasema.

Meza ya Mbeya inaanza safari mpya Jumapili hii. Jana muuguzi aliandika tena kwenye kundi, neno moja: "Mwalimu?" Simu inaonyesha kwamba Mwalimu amelisoma.